Pigo Likija, Utalipeleka Wapi? Mwongozo kwa Mgeni wa Desemba Kisii na Nyamira

Mwongozo huu umeandikiwa mtu mmoja tu, ingawa ikifika Desemba huwa wengi. Ni mwanamume wa mjini, mkakamavu kiasi, ambaye ameoa au yumo mbioni kuoa upande wa Kisii au Nyamira. Kwa miezi kadhaa amekuwa akihudhuria mafunzo ya fimbo za Kifilipino katika ukumbi wenye vioo ukutani na zulia la mpira sakafuni. Amekariri mapigo na pembe zake, anajua kuzungusha fimbo mbili bila kujigonga pua, na mwalimu wake amemkazia kanuni moja: mjinga hukinga pigo, hodari hulipangua. Sasa shule zimefungwa. Amepakia unga, sukari na mikate kwenye matatu ya kwenda ukweni, na katikati ya mizigo hiyo, ndani ya mfuko mrefu mweusi, zimo fimbo mbili za henzirani. Anatumaini kwamba litatokea jambo.

Jambo litatokea. Ndiyo maana tunaandika.

Kwanza tumpe haki yake, maana kanuni ile si uongo. Fimbo inayoshuka ina mwendo mdogo karibu na kiganja na mwendo mkubwa kwenye ncha. Ukiiwekea fimbo yako njiani, zikakutana kama msalaba, nguvu yote ya yule bwana lazima ipokewe na kitu, na kitu chenyewe ni vidole vyako, kifundo cha mkono, kiwiko, na mwisho bega. Ukiipangua mambo huwa mengine. Kiganja kinapanda juu ya paji la uso, ncha ya fimbo yako inaangalia chini na nje, pigo linatua kwenye mteremko na kuteleza mpaka liishe. Hukulisimamisha, umelionyesha njia tu. Mpigaji anaburutwa na nguvu yake mwenyewe, bega lake linageuka, mbavu zinabaki wazi, na wewe uliyepiga hatua moja upande unao muda wa kuchagua ubavu upi. Kipa yeyote aliyewahi kulinda goli pale Gusii Stadium anayajua haya: mkwaju wa karibu haudakwi, hupanguliwa.

Ila kipa ana wavu nyuma yake. Wewe nyuma yako una watu.

Hapo ndipo vitabu vya fimbo vinapomtupa mgeni wetu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kwa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, na hawa si watu wa maghorofa. Ni wakulima, kila mmoja na ndizi zake, chai yake kidogo, ng'ombe wake mmoja, na ua wa jirani hatua chache kutoka jikoni. Mwalimu wa ukumbini alisema, "Lipeleke pigo pembeni." Pembeni ya Nyaribari ni shamba la mtu. Pembeni ya Kitutu ni mtoto aliyekuja kutazama. Ukipangua kulia unampiga mama aliyebeba mkungu, ukipangua kushoto unaivunja taa ya bodaboda, na mwenye bodaboda, kwa desturi ya ukoo wowote, yuko hapo hapo.

Kwa hiyo tafadhali, kabla ya kujifunza lolote lingine, geuka uone nani amesimama nyuma yako. Ukumbini hakuna anayekufundisha hili kwa sababu nyuma yako kuna kioo, nawe unajiona mwenyewe ukipendeza.

Ardhi isiyo tambarare

Kuna kosa lingine ambalo vitabu vyote hulirudia, nalo ni kudhani kwamba wapiganaji wawili husimama kwenye kimo kimoja. Walioviandika hawajawahi kupanda njia inayotoka mtoni kwenda kwenye ukingo wa Manga. Huku mtu na mwenzake hawakutani uso kwa uso. Hukutana uso kwa goti. Mmoja yuko juu, mwingine chini, na udongo mwekundu kati yao umeloa tangu jana saa nane mchana.

Ukiwa chini, pigo lake la kawaida la kiunoni linakufika sikioni. Usilikinge. Pamoja na mkono wake, anakuletea uzito wa mwili na wa mlima, na fimbo yako iliyosimama msalaba itarudi kukupiga usoni. Hapa kupangua ni amri: inamisha ncha, sogea upande wa juu wa njia kama unaweza, mwache apite. Atapita. Ataendelea kupita mpaka kwenye majani ya chai.

Ukiwa juu, ujuzi wako wote wa kulinda kichwa ni wa bure, maana yeye hakioni kichwa chako, anaona miundi. Na pigo la muundini halipanguliki vizuri, kwa sababu ukilitelezesha kwenda chini linatua kwenye kidole gumba cha mguu, na ukilitelezesha kwenda juu linapanda mahali ambapo mwanamume hapendi lipande. Hapo unakinga kama babu zako walivyokinga: fimbo wima, ncha chini, mkono wa pili ukiishikilia katikati, na mguu wa nyuma umechimba udongo. Mjinga hukinga, ndiyo, lakini mjinga huyo atarudi nyumbani na miundi miwili.

Mbinu ya tatu, yaani kurudi nyuma, haipo. Nyuma ni mteremko.

Fimbo za mahali na tabia zake

Acha henzirani zako ndani ya mfuko. Mbali na kukufanya uonekane umekuja kuuza vitanda, ni nyepesi kuliko vitu vingi utakavyokutana navyo.

Ya kuheshimiwa zaidi ni ya mkahawa. Wakulima wa Kisii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, na tangu hapo kila mkahawa mzee uliong'olewa umeacha fimbo nyumbani kwa mtu. Mti wake ni mgumu, umejaa mafundo, na haupindi. Pigo la mkahawa likikingwa kwa henzirani, mkono unakufa ganzi hadi kwapani. Lipangue, au omba radhi.

Ya mpera unaijua, hata kama umesahau kwamba unaijua. Ndiyo iliyokuwa ikiletwa darasani ikiwa bado na unyevu, kabla ya Kenya kupiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001. Kila Mkenya aliyesoma kabla ya hapo ana shahada ya kwanza katika somo letu. Alijifunza kwamba mwili hauna subira: ukiambiwa uiname ushike vidole vya miguu, mkono unatoka wenyewe kwenda nyuma kukinga, na hapo fimbo iliyokuwa ije kwenye nyama inakuja kwenye vifundo vya vidole. Darasa zima lilijua kuwa anayekinga huongezewa. Wapanguaji walikuwapo pia, ila wao walivaa kaptura mbili, na hilo ni tawi jingine la elimu.

Ya mkaratusi isikutishe. Ni ndefu, imenyooka, inapendeza mkononi mwa kijana, na mara nyingi huvunjika pigo la kwanza likikutana na kitu kigumu. Hii ikinge kwa ujasiri wote ulio nao. Hatari yake ni kile kipande kinachoruka, na hicho, kwa mara nyingine, kinakwenda kwa jirani.

Halafu upo mwavuli. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima katika vilima hivi, kwa hiyo silaha iliyo mikononi mwa wazee wengi zaidi kuanzia Keroka hadi Ogembo ni mwavuli mweusi uliokunjwa, wenye mpini uliopinda na ncha ya chuma. Mgeni huudharau. Mwavuli haupigwi, unachomwa, na mchomo hauna upana wa kukingwa. Tena ule mpini uliopinda umetengenezwa na Mungu kwa ajili ya kuvuta shingo ya mkwe anayeondoka kabla ya kuaga. Dhidi ya mwavuli hakuna mbinu ila adabu.

Huko Nyamira, kwenye chai, utamwona mchumaji ameulaza ufito mwembamba juu ya majani ili aone kimo cha kuchumia. Ufito ule si silaha na mwenyewe hana ugomvi na wewe. Usiuguse. Ukiuchukua ukajaribu mizunguko yako ya ukumbini mbele ya wachumaji, utakuwa hadithi ya kituo cha kununulia chai hadi Pasaka.

Msimu wa kuimba

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe analolitarajia mgeni wetu. Mwezi wa Novemba ukielekea kwisha na Desemba yote, wavulana wa Abagusii, wenyeji wa huku, hutahiriwa, na wakishatahiriwa husindikizwa nyumbani kwa wimbo wa esimbore. Utausikia kabla hujauona. Barabarani kunatokea kundi la watu, vijana mbele, shangazi na wajomba nyuma, matawi ya miti hewani, firimbi, vumbi au tope kulingana na siku, na fimbo. Fimbo nyingi sana.

Mgeni hushuka kwenye matatu, huona fimbo arobaini zikimjia, na moyo wake hufurahi kwa namna ya kuogofya. Anakunja magoti. Anaweka mguu wa kushoto nyuma.

Bwana, nyoosha magoti. Hakuna fimbo hata moja iliyokuja kwa ajili yako. Hilo ndilo linalozifanya ziwe hatari, kwa sababu fimbo iliyokulenga ina nia, na nia husomeka kwenye bega kabla mkono haujashuka. Fimbo ya mtu anayeimba inakwenda na wimbo. Mwenyewe hajui iliko. Macho yake yako kwa kijana aliyetoka kuwa mwanamume asubuhi hii, au kwa yule binamu anayejua ubeti mchafu zaidi, maana esimbore haina haya na siku hiyo inaruhusiwa kutokuwa nayo. Ukikinga fimbo kama hiyo umeikata ngoma. Ukiipangua umempiga shangazi. Namna pekee ya kujilinda ni kuufuata mdundo: zikipanda, pita, zikishuka, simama, na uwe na noti ndogo ndogo mfukoni, kwa sababu kundi likikuzunguka linataka kitu, na si damu. Mgeni mwenye noti za mia mia hajawahi kuhitaji ujuzi wowote wa fimbo.

Yako mengine katika msimu huu ambayo ukumbi wenye vioo hauyafahamu. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani walioishi na Abagusii miaka ya 1950, waliandika jinsi mvulana alivyosimamishwa mbele ya mti kukabili kisu, huku wakubwa nyuma ya mtahiri wakimwelekezea mikuki na marungu kichwani na kumpigia kelele kwamba akitikisika watamuua. Siku hizi wengi hupelekwa hospitalini na dawa ya ganzi imekuja kupatanisha mambo. Lakini fikiria mafunzo yale yalivyokuwa. Somo la kwanza la mwanamume kuhusu silaha inayoelekea kichwani pake halikuwa kukinga wala kupangua. Lilikuwa kutopepesa jicho. Ukijiuliza kwa nini shemeji yako mkubwa alikutazama tu ulipomrushia fimbo ya mzaha pale uani, bila hata kuinua mkono, jibu ndilo hilo, nawe umeaibika bure.

Nani anaruhusiwa kukupiga

Ukumbini kila mtu hupigana na kila mtu, kisha wanainamiana vichwa na kwenda kunywa maji. Huku kuna utaratibu. Kijana akishatahiriwa huingia kwenye ensoni, ile heshima yenye haya ndani yake, kati yake na kizazi cha wazazi wake. Baba, baba mdogo, baba wa mkeo: hao hutaniani nao, wala huwaonyeshi mwili, wala hugonganishi nao fimbo hata kwa mchezo. Mzee wa kizazi hicho akiinua bakora yake, swali la kukinga au kupangua halipo mezani. Ukikinga, umepandisha mkono dhidi yake. Ukipangua, umemwangusha, jambo lililo baya zaidi. Pigo la mzee hupokelewa begani, kwa kuinama kidogo, na maneno yako uyameze.

Babu ni habari nyingine. Na babu, huyo sokoro, utani unaruhusiwa, tena ni haki yake. Atakuita mume mwenza. Atakutishia kwa fimbo kila ukipita. Atakupiga kwenye matako ukiwa umeinama kufunga kamba za viatu, na kicheko chake kitasikika ng'ambo ya mto. Huyu unaweza kucheza naye, na utagundua kwamba mzee wa miaka themanini, mwenye magoti mabovu, hapigi pale ulipo bali pale utakapokuwa. Anadanganya upande mmoja, wewe unainua ulinzi wako mzuri wa Kifilipino, naye anakugusa kifundo cha mguu. Hapo ndipo udhaifu wa kupangua unapojitokeza wazi: ni lazima uwe umelisoma pigo kabla halijafika. Anayekinga anaweza kuchelewa kidogo na bado akapona, kwa gharama ya kidole. Mpanguaji akidanganywa hana kitu mkononi. Fimbo yake imeinama kuelekea kusikokuja pigo, na mwili wake tayari umehama kulifuata.

Nelson Mandela alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba utoto wake Qunu ulikuwa na mafunzo haya haya: kupangua, kudanganya huku na kupiga kule. Lakini Waxhosa na Wazulu wana busara ambayo mgeni wetu hakuiona ukumbini. Hushika fimbo mbili, moja ya kupiga na nyingine ya kujikinga, na mkono wa kinga hufungwa kitambaa au kushikishwa ngao ndogo. Hawakuchagua kati ya kukinga na kupangua. Waliajiri mkono kwa kila kazi.

Kuhusu mkono mtupu

Tukiwa hapo, neno kwa watakaokutwa bila fimbo. Usiinue mkono mtupu kukinga. Kigasha kina mifupa miwili, na ule wa upande wa kidole kidogo ndio unaotangulia mtu akijifunika kichwa. Unavunjika peke yake, katikati, mara nyingi vizuri sana, na madaktari wa mifupa duniani kote hulitambua vunjiko hilo kama alama ya mtu aliyejikinga. Wachimbuaji wa makaburi ya kale wanalitafuta kwenye mifupa ya watu waliokufa miaka elfu iliyopita ili kujua kama kulikuwa na ugomvi. Daktari atakuuliza kwa upole ulianguka vipi. Usijisumbue kusema ulianguka.

Bila fimbo, ingia. Sogea hadi kifuani mwa mpigaji, karibu na kiganja chake, kule ambako fimbo haina mwendo, umkumbatie kama ndugu aliyepotea. Hii ndiyo mbinu bora ya fimbo nisiyowahi kuiona ikifundishwa kwa ada, na walevi wa soko la Daraja Mbili huijua bila mwalimu.

Ngao, na mikuki iliyokwenda kwingine

Mgeni atakayeketi na wazee jioni atasikia kwamba zamani hatukuwa watu wa fimbo. Vijana walilala kwenye ebisarate, kambi za ng'ombe, wakiwa na mikuki na ngao za ngozi, hadi Waingereza walipozivunja kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1910. Ngao ni kukinga kitupu, na ilitosha kwa mikuki ya majirani. Mwaka 1905 msafara wa kijeshi wa Waingereza ulikuja na bunduki ya rasharasha, na vijana wakaikabili kwa zile zile ngao. Mwongozo huu hauna utani wa kuweka hapo.

Lakini kisa cha Januari 1908 kinahusu mada yetu moja kwa moja. Mwanamke mwaguzi, Moraa, alikuwa akiwahimiza vijana waufukuze utawala ule. Mmoja wao, Otenyo Nyamaterere, akamvizia ofisa wa wilaya njiani, G. A. S. Northcote, akamchoma mkuki. Northcote hakukinga wala hakupangua, na bado alipona, akaishi hadi kuwa Gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Pigo lile liliishia wapi? Liliishia vijijini. Kikosi cha adhabu kilikuja kikachoma nyumba, kikateka ng'ombe na kuua watu wengi ambao hawakuwa wameshika mkuki wowote, hadi Winston Churchill, wakati huo akiwa naibu waziri katika Wizara ya Makoloni kule London, akaandika kulalamika kwamba mauaji yamepita kiasi. Wazee wakikusimulia haya hawatazungumzia mbinu. Wewe ndiye utakayekaa hapo kwenye kigoda ukijiuliza, kwa mara ya kwanza labda, ni nani aliyekuwa amesimama nyuma ya lile pigo.

Kama hamu haijaisha

Mgeni ambaye bado anawashwa mikono aende pwani. Lamu, siku za Maulidi, wanaume hucheza kirumbizi: zumari linalia, ngoma zinapiga, wawili wanaingia uwanjani na bakora, mmoja anashusha, mwingine anapokea. Huko kukinga hakudharauliwi hata kidogo, kwa sababu mlio wa bakora kwa bakora ni sehemu ya muziki, na mtu anayepangua kila kitu kimya kimya huonekana amekuja kuwanyima watu raha. Akichoka, mwingine huingia na kupokezwa. Hakuna anayejifanya kwamba mchezo ni vita, na kwa sababu hiyo wanacheza vizuri.

Au avuke hadi Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa Julai, kwenye Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hucharazana kwa mapande ya migomba ili hasira za mwaka zitoke. Mgomba hauna mfupa. Ukiukinga unapasuka, ukiupangua unakupaka utomvu, na vyovyote iwavyo nguo haitakati tena. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mchezo huu haukuzaliwa Kisii, ambako migomba inaota hadi mlangoni kwa mtu. Nadhani sababu ni kwamba huku mgomba uliokwisha kuzaa hukatwakatwa akapewa ng'ombe, na hakuna mke wa Kisii atakayekubali chakula cha ng'ombe kipotelee mgongoni mwa shemeji.

Na kwa kuwa tumemtaja ng'ombe, tumalize naye, maana ndiye anayewapata wageni wengi.

Itakuwa hivi. Mchana, uani, baada ya chai. Vijana wa nyumba watakuomba uwaonyeshe hayo ya ukumbini. Utakataa mara mbili, ya tatu utatoa ule mfuko mweusi. Shemeji mdogo atachukua kipande cha mkahawa kilichokuwa kimeegemezwa kwenye banda, atakishusha bila mtindo wowote, kwa nguvu zake zote, na wewe, kwa mara ya kwanza maishani, utapangua kikamilifu. Kiganja juu, ncha chini, hatua moja pembeni, pigo linateleza. Wataguna kwa kustaajabu. Na ule mkahawa, ukiwa na nguvu zake zote bado, utakwenda zake hadi kwenye pua ya ng'ombe aliyefungwa nyuma yako akila mgomba.

Mtazame vizuri huyo ng'ombe kabla hujasema lolote. Kuna uwezekano mkubwa kwamba unamfahamu. Ndiye uliyemleta Agosti, yule mwekundu mwenye baka jeupe, wa nne katika wale waliohesabiwa. Sasa anavuja damu puani, baba mkwe ametoka mlangoni na mwavuli wake, na wazee wawili waliokuwa wamesinzia chini ya mparachichi wamekwisha kukubaliana kwamba kwa hali ile huyu hawezi kuhesabiwa mzima, kwa hiyo mahari imepungua mmoja. Usikinge. Usipangue. Uliza tu namba ya M-Pesa ni ya nani.